Mwalimu wa Chombo na Mwalimu wa Skuli

Somo la historia kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, kama lilivyosomwa redioni



Somo letu la leo ni la historia, nalo lahusu dira. Tumelitengeneza kwa ajili ya wanafunzi wa Kisiwa Panza, lakini wewe uliye Mkoani, Wete au Unguja usifunge daftari lako. Kabla ya kuanza, mwenye chaki na aandike ubaoni maneno manne: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Ni maneno marefu kidogo, kwa hiyo yakateni vipande vipande: ka-ska-zi-ni. Tutanyamaza kidogo muandike.

(Kimya cha dakika moja.)

Vyema. Sasa yatazameni maneno hayo kama mnavyotazama nyayo mchangani, mpate kujua nani kapita. Ndani ya neno kaskazini mna upepo wa kaskazi, ule uliokuwa ukileta majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi tangu Desemba hata Machi. Ndani ya neno kusini mna kusi, upepo uliokuwa ukiyarudisha kwao. Mashariki na magharibi ni maneno ya Kiarabu: mahali jua linapochomoza na mahali linapotua. Basi aliyetupa maneno haya hakuwa mtu wa kukaa chumbani. Alikuwa na tanga juu ya kichwa chake.

Katika skuli za nchi nyingi, watoto hufundishwa dira katika saa ya mazoezi ya viungo. Hawakai madawatini. Hutolewa nje, kila mmoja akapewa ramani na dira ndogo ya mkononi, akaambiwa: "Nenda ukatafute alama zilizofichwa pale, pale na pale, kisha urudi." Anayezipata zote na kurudi mapema ndiye mshindi. Mchezo huu hutaka miguu na akili pamoja, kwa maana mwenye mbio akikosea njia hupitwa na mzee anayetembea polepole.

Mchezo huo ulianzia Sweden na Norway, nchi za misitu na baridi. Kwanza ulikuwa zoezi la askari. Tarehe 31 Oktoba 1897 watu wa Norway walishindana hadharani karibu na mji wao mkuu. Mwaka 1919, huko Stockholm, Meja Ernst Killander aliona vijana wameanza kuchoka na michezo, akawaandalia mashindano makubwa ya kukimbia mwituni kwa ramani na dira. Walikuja zaidi ya watu mia mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Waswidi wakatengeneza dira iliyowekwa juu ya kibao chembamba kinachopitisha mwanga, ili mtu aiweke moja kwa moja juu ya ramani, na mwaka 1942 somo hilo likawa la lazima katika skuli zao. Mwaka 1961 nchi kumi zilikutana Copenhagen zikaunda chama cha dunia cha mchezo huo.

Hayo yatosha kwa Sweden. Pengine wewe msomaji umeanza kusema moyoni: "Hayo ni mambo ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini?" Ngoja kwanza. Tuandike maneno mengine ubaoni: mwalimu, ramani, rubani, dira.

Mwalimu unamjua, ndiye anayekusomesha. Lakini katika Bahari ya Hindi ya zamani, neno hilo la Kiarabu, muallim, lilikuwa pia jina la mtu mmoja maalumu chomboni. Hakuwa mwenye mali, wala hakuwa lazima awe nahodha. Alikuwa mjuzi wa njia, yule aliyejua nyota, pepo, mikondo na bandari. Ramani nayo haikuanza kuwa karatasi ya kutundikwa ukutani. Neno hilo limetoka katika jina la Kiajemi la kitabu cha njia, kitabu ambacho wajuzi wa bahari walikichukua safarini na kuandika humo umbali wa bandari na nyota za kuzifuata. Rubani, ambaye siku hizi twamtafuta angani katika ndege, kwa Kiarabu alikuwa mkuu wa chombo cha baharini. Na dira yenyewe: kwa mabaharia wa Kiarabu neno hilo lilikuwa na maana ya mwendo wa chombo, yaani njia iliyonyoshwa kutoka bandari hii hata ile, na watu wa Kuwait wakaliita hivyo sanduku la sindano ya sumaku.

Waona basi. Maneno ambayo mtoto huyakuta skuli, akadhani yalizaliwa humo, yalishuka kutoka majahazini.

Sindano ya sumaku nayo ina historia yake. Wachina waliandika habari zake kabla ya watu wengine. Shen Kuo aliielezea mwaka 1088, na baadaye wakaandika kwamba mabaharia wao huitazama mawingu yanapofunika nyota. Mwaka 1282 mwandishi wa Kiarabu, Bailak al-Qibjaqi, alieleza jinsi alivyoona katika bahari ya Mediterania, pwani ya Sham, miaka arubaini nyuma, sindano ikielea juu ya maji ndani ya bakuli. Akaongeza kwamba manahodha wa Bahari ya Hindi walikuwa na samaki mdogo wa chuma, mwenye uwazi ndani, ambaye akitiwa majini huelea na kuonyesha kaskazi na kusi.

Lakini sindano peke yake haikumtosha mwalimu wa chombo. Aliyagawa mazingira yake yote, duara zima la upeo wa macho, katika sehemu 32, na karibu kila sehemu akaipa jina la nyota inayochomoza au kutua upande huo. Kaskazini kabisa ni Jaa, nyota isiyohama mahali pake. Kaskazini mashariki ni Ayuki inapochomoza. Kaskazini magharibi ni Ayuki hiyo hiyo inapotua. Kusini mashariki ni Akrabu, yaani Nge. Karibu na kusini ni Suheli. Upande wa kuchomoza uliitwa matlai, na watu wa pwani yetu wakaupa upepo wa mashariki jina hilo hilo.

Je, baharia asiyejua kusoma aliyakumbukaje hayo yote? Hapa ndipo ninapotaka mtulie. Karibu na mwaka 1490 mwalimu mmoja mashuhuri, Ahmad ibn Majid, mtu wa Julfar, mji ambao leo uko Ras al-Khaimah, aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya bahari. Pamoja na kitabu hicho alitunga mashairi mengi juu ya njia za bahari, na moja lilikuwa la safari ya pwani yetu hii hata Sofala, katika Msumbiji ya leo. Kwa nini mashairi? Kwa sababu vina na mizani hushika moyoni, hata kama karatasi imelowa na taa imezimika. Mtu aliyekuwa hajui alif wala be aliweza kubeba kichwani mwake njia ya mwezi mzima. Nami nawaambieni ninyi mnaojifunza kusoma mkiwa watu wazima: msikubali kuambiwa kwamba kichwa chenu kilikuwa kitupu hata mlipoingia darasani.

Mwalimu huyo alipima pia urefu wa nyota kutoka baharini. Chombo chake kiliitwa kamali, na kilikuwa ni kibao kidogo kilichotobolewa katikati na kupitishwa uzi wenye mafundo. Mtu huuma fundo kwa meno, akaunyosha uzi mbele ya uso, akaweka ukingo wa chini wa kibao sawa na upeo wa bahari, na ukingo wa juu sawa na nyota. Kila fundo lilikuwa na bandari yake. Jambo hilo halifundishiki kwa maneno matupu. Lazima ushike mwenyewe.

Wareno walipofika Malindi mwezi wa Aprili 1498, Vasco da Gama aliomba mtu wa kumwonyesha njia ya Bara Hindi, akapewa. Mwandishi wa Kireno João de Barros asema kuwa mtu huyo alikuwa wa Gujarat, na kwamba alipoonyeshwa vyombo vya Wareno vya kupimia jua hakushangaa hata kidogo. Yeye naye akatoa chake cha vibao. Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, na tarehe 20 Mei walikuwa mbele ya Calicut. Watu wengi husema mtu huyo alikuwa Ibn Majid mwenyewe. Wanahistoria waliochunguza jambo hili hawakubali, nami naona wana haki; habari hiyo iliandikwa na mtu aliyeishi miaka mingi baadaye, ambaye hakuwapo. Jina ambalo Wareno waliliandika ni Malemo Cana. Lisomeni kwa sauti, kisha mnyamaze. Malemo. Muallim. Mwalimu.

Sasa turudi Kisiwa Panza, kwenye swali la kazi: mwalimu wa skuli atafundishaje dira hapo?

Akichukua kitabu cha Stockholm au cha London akakisoma kilivyo, atawapoteza watoto. Kitabu kitamwambia atafute Nyota ya Kaskazini. Nyota hiyo ndiyo Jaa, na Kisiwa Panza haionekani, kwa sababu kisiwa hiki kiko kusini ya ikweta, digrii tano na nusu hivi, na Jaa hubaki chini ya upeo wa bahari usiku kucha. Waalimu wa vyombo walilijua jambo hili sana. Walipokuwa wakishuka pwani yetu waliona Jaa ikizidi kuinama mpaka ikawapotea, ndipo wakapima kwa nyota nyingine za upande ule zilizo juu zaidi.

Kitabu cha Ulaya kitasema tena kwamba saa sita mchana kivuli chako huelekea kaskazini. Kwa Ulaya ni kweli siku zote. Kwa Pemba ni kweli nusu ya mwaka tu. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita utosini, kivuli kikajificha chini ya nyayo. Tangu Oktoba hata Machi jua la mchana liko upande wa kusini, na kivuli huenda kaskazini. Tangu Machi hata Oktoba mambo hugeuka: jua liko kaskazini na kivuli huenda kusini. Mtoto aliyekariri mstari mmoja wa kitabu, akapotea mwezi wa Julai, atakwenda kinyume kabisa akijisifu kuwa amesoma. Hata ile hila ya kutafuta pande kwa mishale ya saa, ambayo maskauti hufundishwa, haifai karibu na ikweta. Simdharau Baden-Powell kwa kusema hivyo. Mzee huyo alikufa Nyeri, Kenya, mwaka 1941, na juu ya kaburi lake pamechorwa duara lenye nukta katikati, alama ya njiani yenye maana ya "nimekwenda nyumbani". Lakini jua la Nyeri na la Pemba si jua la Uingereza.

Basi Kisiwa Panza kina nini? Kina kitu ambacho mji wa Stockholm hauna. Mji wa Makka uko karibu sawasawa kaskazini ya Pemba. Ukichora mstari kutoka hapa kwenda Makka, hauendi kando ya kaskazini hata digrii moja. Ndiyo sababu wazee wa pwani walisema kibla wakiwa na maana ya kaskazini. Mtu anayesali hapa ameuelekeza uso wake kaskazini mara tano kwa siku tangu utotoni. Mkono wake wa kulia uko mashariki, wa kushoto uko magharibi, na mgongo uko kusini. Mwalimu asianze na sindano. Aanze hapo, kwa mwili ambao mtoto anao.

Usiku, wakati wa kaskazi, awaonyeshe nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, ambazo Wazungu huziita mshipi wa Orion. Hizo huchomoza mashariki hasa na kutua magharibi hasa, na huku kwetu hupita karibu na utosi. Katika miezi ya Mei na Juni, baada ya Isha, auonyeshe Msalaba wa Kusini: mwili wake mrefu ukiurefusha kuelekea chini mara nne na nusu, utafika juu kidogo ya upeo wa bahari, na hapo ndipo kusini.

Baada ya hayo ndipo sindano. Tutaitengeneza leo. Chukueni sindano ya kushonea na kipande cha sumaku kutoka spika ya redio iliyokufa. Isugueni sindano kwa sumaku mara thelathini, upande mmoja tu, bila ya kurudisha. Iwekeni juu ya jani kavu, jani mkalielezee katika bakuli la udongo au la plastiki, kwa sababu bakuli la bati litaidanganya sindano. Ondoeni visu, mapanga na simu. Jani litazunguka polepole, kisha litatulia. Ncha ielekeayo kibla ndiyo ya kaskazini, ipakeni rangi. Hii ndiyo dira aliyoiona Bailak, na bei yake ni ndogo.

Najua mtu ataniuliza: "Kazi yote hii ya nini, na simu inaonyesha njia?" Simu ni nzuri, na mwenye nayo aichukue. Lakini simu huisha chaji, huingia maji, na huanguka baharini. Na aliyewahi kupotelewa na nchi usiku wa mvua ya masika, hajui mbele wala nyuma, hahitaji kusikia habari hizo kutoka redioni. Dira ya chuma haina chaji ya kuisha. Tena simu humwonyesha mtu mahali alipo bila ya kumfundisha kwa nini yuko hapo.

Hilo la mwisho ni jambo zito, nalo hata dira halimalizi. Fikirieni chombo kinachotoka Panza kwenda Nungwi. Dira inasema kusini magharibi, na nahodha anaishika kusini magharibi bila ya kuteteruka. Hata hivyo anaweza kulikosa Unguja. Kati yake na Nungwi upo mkondo wa bahari uendao kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi hupata nguvu zaidi. Mkondo ukikusukuma maili moja kila saa, nawe ukasafiri saa nne, umekwisha kuchukuliwa maili nne kaskazini, na omo ya chombo bado inaelekea pale pale. Sindano haijasema uongo. Imekuambia unakoelekea, haikukuambia unakochukuliwa. Wazee wenu walilijua hilo kwa kutazama rangi ya maji na mwendo wa povu, wakauweka usukani kusini zaidi ya Nungwi tangu mwanzo. Elimu hiyo mara nyingi haimo katika kitabu cha skuli. Imo katika watu, na watu hufa.

Kwa hiyo kazi ya juma hili itafanyika nje. Ngojeni bamvua, maji yatoke mbali. Kila mwanafunzi wa darasa la watu wazima na aje na mtoto mmoja wa skuli, na kila darasa lialike mzee mmoja aliyekuwa akivuka bahari kwa tanga. Akina mama wanaokwenda mwani wanajua mchanga ulio mgumu. Wao wachague uwanja. Kwa zoezi hili azimeni dira ya mkononi kutoka skuli, au ile ya mashua.

Simikeni kijiti mchangani. Mtoto asimame hapo, ajifunike kanga kichwani mpaka asione kitu ila dira iliyo mkononi mwake, kwa sababu usiku wa mvua ndivyo ulivyo. Atembee hatua hamsini kaskazini, hamsini mashariki, hamsini kusini, hamsini magharibi. Akifunua kanga, apimwe yuko hatua ngapi kutoka kwenye kijiti, na idadi hiyo iandikwe na yule mtu mzima aliyemleta. Muiandike kwa tarakimu na kwa maneno: 7, saba.

Kisha mara ya pili. Apewe kijiti cha pili, kilicho hatua mia moja upande wa kusini magharibi, akielekee huku amejifunika. Safari hii rafiki yake atembee kando yake, na kila baada ya hatua kumi amsukume hatua moja kaskazini, naye asizuie. Atakikosa kijiti. Hapo mzee asimame aulizwe: angeanzaje yeye, ili afike? Majibu yake yaandikwe yote, hata yakiwa marefu, na jina la kila upepo na kila mwamba atakaoutaja liandikwe kama anavyolitamka yeye, si kama lilivyo kwenye ramani ya serikali.

Somo likikwisha vijiti vyote ving'olewe na kuhesabiwa kabla maji hayajarudi, na dira irudishwe kwa mwenyewe ikiwa imefutwa chumvi.